Siti Tano na Nondo za Mita Nne

Mume wangu aliamua kwamba kampuni yetu inahitaji pikapu siku ileile mwenye kigari cha kukodi alipotushushia mbao kando ya barabara ya Nyundo, akatuambia amepata mteja wa viazi, akaondoka zake. Kusema "kampuni" ni kujipa heshima. Tulikuwa yeye na mimi, mafundi tuliowaita kazi ilipopatikana, na mashine ya kuchanganya zege ambayo iliwaka ilipojisikia. Yeye hujenga kuta. Mimi nilisomea ufundi wa majengo Tanzania, nilikozaliwa kabla wazazi wangu hawajarudi Rwanda, na kazi yangu ni mapaa, vipimo na kupuuzwa.

Nusu ya bei ilitoka kwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Ni mjane anayevuka mpaka kila asubuhi kuuza vitenge Goma na kurudi jioni na habari za ndugu wote wa upande ule, wazima, wagonjwa na wasiojielewa. Kwa kuwa alitoa nusu, alipata nusu ya kura. Nusu nyingine ilikuwa ya mume wangu. Mimi nilibaki mshauri wa kitaalamu, cheo ambacho katika familia hii maana yake ni mtu anayeruhusiwa kusema wakati wengine wanakunywa chai.

Niliuchukua ushauri wangu kwa uzito. Nilichora uani, kwenye saruji, mistatili mitatu kwa chaki. Mmoja ulikuwa bodi ya pikapu ya milango minne, ambayo nyuma yake haizidi sana mita moja na nusu. Wa pili ulikuwa wa ile yenye kabini moja na nafasi kidogo ya kutupia mizigo nyuma ya siti. Wa tatu ulikuwa bodi ndefu, ya kabini moja tu, mita mbili na robo na zaidi, gari ambalo halijui lolote ila kubeba.

Mume wangu alitoka na kikombe mkononi.

"Hii ni nini?"

"Pikapu tatu."

"Mi naona chaki."

Nikachukua bati la mita tatu lililobaki kwenye kazi ya Nyakiriba, nikalilaza kwenye mstatili mfupi. Nusu yake ikabaki nje. Nikalihamishia kwenye ule mrefu, likatokeza kidogo tu, kiasi cha kufungwa kitambaa chekundu na kwenda zake salama. Nikaleta toroli. Kwenye bodi fupi liliingia moja, likajaza kila mahali kama mgeni mnene kitandani. Kwenye ndefu yangeingia mawili, na mifuko ya saruji mbele yake.

"Unaona?" nikamwuliza.

Alilitazama lile bati kwa makini, kama mtu anayelionea huruma.

"Naona," akasema. "Hii bati iko murefu sana."

Wifi alifika katikati ya somo. Aliitazama michoro yangu, akaingia ndani, akatoka na viti vya plastiki. Akavipanga mbele ya mstatili mfupi, viwili mbele na vitatu nyuma, akaketi kwenye kimoja cha nyuma na mkoba wake mapajani.

"Bon," akasema. "Hapa ni mimi. Hapa watoto. Hapa mizigo yangu ya sokoni. Sasa mulamu, kwa ile gari yako ya murefu, mimi niketi wapi? Juu ya muchanga?"

"Lakini wifi, tunanunua gari la kujengea."

"Na Dimanche? Dimanche munajenga?"

Jumapili hatujengi, ni kweli. Jumapili yeye huenda misa kanisa kuu la Nyundo, na kwa muda mrefu alikuwa akienda kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, amejifunika kitambaa kichwani dhidi ya vumbi, akimkemea dereva kwa Kiswahili na Kinyarwanda mpaka getini. Alikuwa na haki ya kuota kiti chenye mlango wake. Nililijua hilo, na ndiyo maana nilishindwa. Kura zikapigwa palepale, nusu na nusu, zote kwa milango minne, na mvua ya jioni ikaja kufuta hoja zangu zote kwenye saruji.

Muuzaji alikuwa mtu mwenye meno mazuri na alijua kuyatumia. Alifungua milango minne mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama anayetuonyesha vyumba vya kulala. Wifi aliingia, akafunga mlango, akafungua kioo, akachungulia nje na kumpungia mkono mtu asiyekuwepo. Mume wangu alishika usukani na uso wake ukabadilika; mara ya mwisho kuuona uso ule ilikuwa siku mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, na sina hakika siku ile ulikaa muda mrefu hivyo.

Nilikwenda nyuma na futi yangu.

"Bodi hii ina urefu gani?" nikamwuliza muuzaji.

"Inatosha, mama."

"Inatosha nini?"

"Inatosha kabisa."

Tukaondoka nalo. Mume wangu alisema ni gari la mutu mukubwa, lenye kazi na familia ndani yake. Alikataa kulifungia keria ya chuma juu ya paa, ile ambayo ingetuwezesha kubeba nondo na mbao ndefu kwa usawa, kwa sababu ingekwaruza rangi. Rangi ilikuwa ya fedha. Ikawa tumenunua gari la ujenzi ambalo vifaa vya ujenzi vilikatazwa kuligusa.

Wakati ule tulikuwa na kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata: nyumba ya wageni huko Nyamyumba, juu ya ziwa, si mbali na chemchemi za maji moto. Mawe meusi ya volkano yaliletwa na lori. Mchanga vilevile. Mbao hazikuingia kwenye pikapu yetu. Mabomba ya maji hayakuingia. Fremu za milango ziliingia zikiwa zimesimama, na upepo wa ziwa ukatuzungusha njia nzima kama tanga. Kwa hiyo tuliendelea kukodi kile kigari cha zamani, na mwenye nacho, aliyekwisha kusikia kwamba tumenunua gari, akapandisha bei kwa furaha. Kikapakia mbao, mabomba na miti ya jukwaa, kikafuata nyuma. Mbele tulitangulia sisi ndani ya gari la fedha, na ndoo mbili za misumari kwenye bodi. Watu wa barabarani walidhani ni harusi. Mtoto mmoja alitupigia makofi.

"Unaona vile inaenda muzuri?" mume wangu aliniuliza.

Nilimwambia naona. Ndoo zilikuwa zimekaa vizuri sana.

Kisha ikaja Jumamosi ya nondo. Tulikuwa tumefika kwenye nguzo za ghorofa ya juu, na duka lilikubali kutukatia nondo kwa kipimo cha nguzo, mita nne. Mwenye kigari cha kukodi alikuwa na msiba. Siku hiyohiyo wifi alialikwa kwenye sherehe ya mahari ya binti wa shemeji yake, na sherehe ilikuwa Nyamyumba, mwendo mfupi tu kutoka kwenye kazi yetu. Mume wangu alipoyaweka mambo haya mawili pamoja, alicheka peke yake. Safari moja! Nondo nyuma, familia ndani, sherehe na kazi kwa mafuta yaleyale. Gari lilikuwa limenunuliwa kwa siku hii hasa.

Wifi alitoka amevaa umushanana, lile vazi letu la sherehe, kitambaa chepesi kinachofungwa begani na kuning'inia hadi miguuni. Rangi yake ilikuwa zambarau, na kichwani alikuwa ametengeneza nywele ambazo hazikuruhusiwa kuegemea chochote. Watoto tuliwaacha kwa jirani, naye akakaa siti ya nyuma katikati, akashika viti vyote viwili vya mbele.

Dukani nondo zililazwa kwenye bodi, mlango wa nyuma ukiwa umefunguliwa. Zaidi ya nusu ya furushi lile ilining'inia hewani nyuma ya gari. Ili zisidondoke, mume wangu aliweka mifuko ya saruji juu ya ncha za mbele, akafunga kila kitu kwa kamba.

"Uzito mwingi uko nyuma ya magurudumu ya nyuma," nikamwambia. "Kwenye tambarare sawa. Kwenye kilima je?"

"Gari iko na nguvu."

"Sikuuliza nguvu. Nimeuliza uzito."

"We mama watoto, leo ni fête. Usianze."

Sikuanza. Niliingia mbele, nikafunga mkanda, na tukapita kando ya ziwa vizuri kabisa. Wavuvi walikuwa wakianika nyavu, wifi akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya pili, mume wangu akiendesha kwa mkono mmoja. Nyuma yetu nondo zilinesa na kugonga mlango kwa mlio wa kengele nzito. Kwa muda nilifikiri labda mimi ndiye mwenye matatizo.

Njia ya kwenda kwenye ile nyumba huacha lami na kupanda ghafla, udongo na mawe, kona juu ya kona. Upande mmoja ni ukingo wa udongo mwekundu uliosimama kama ukuta. Upande mwingine ni mashamba ya maharage yanayoshuka kwa ngazi mpaka majini, na hakuna aliyewahi kufikiria kuweka kizuizi. Kona ya kwanza tulipita. Kwenye ya pili kulikuwa na mtaro mdogo uliochimbwa na mvua. Magurudumu ya nyuma yakaingia mtaroni, nondo zikanesa kwa nguvu, na pua ya gari ikainuka.

Haikuinuka kama farasi. Iliinuka taratibu, kwa adabu, kama mtu anayenyanyuka kumpisha mkubwa wake. Kioo cha mbele kilijaa mawingu. Mume wangu akazungusha usukani kulia na gari halikusikia. Akauzungusha kushoto. Ukazunguka wenyewe, mwepesi, kama wa mchezo wa watoto. Tukaanza kurudi nyuma.

"Yesu we!" wifi akapiga kelele. "Tuko nakufa! Tuko nakufa na nguo muzuri!"

Breki zilishika magurudumu ya nyuma yakiwa yanateleza kwenye kokoto. Pua ikashuka, ikainuka tena, ikashuka, na tulipotua tulikuwa tumekaa mshazari, ncha za nondo zimekwaruza ukingo wa udongo, na gurudumu la mbele la upande wangu likiwa kwenye nyasi za mwisho kabla ya maharage. Nilitazama chini kupitia dirishani. Niliona paa la nyumba ya mtu, na mwanamke uani kwake akituangalia, mkono mdomoni.

Mume wangu alikuwa amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Jasho lilimtiririka kidevuni na hakuweza kutoa mkono kulifuta.

Sikuweza kufungua mlango wangu, maana chini yake hapakuwa na pa kukanyaga. Nilipitia nyuma, juu ya siti, nikamsukuma wifi atoke upande wa ukingo, nikatoka baada yake. Nikakusanya mawe makubwa na kuyaweka nyuma ya magurudumu. Kila mume wangu alipojaribu kulegeza breki, pua ilianza kuinuka tena, na gurudumu la mbele likisogea upande wa maharage.

Mama mmoja aliyekuwa akishuka na kapu la vitunguu kichwani alisimama kututazama. Hakushangaa hata kidogo. Alionekana mtu anayeona magari ya aina yetu mara kwa mara.

"Mbele hakuna uzito," akatuambia kwa Kinyarwanda. "Pandeni mbele, mukae."

Nilipanda kwenye bonneti. Pua ikashuka kidogo, haikutosha. Mimi si mtu mnene. Nikamtazama wifi. Wifi akaitazama bonneti, akautazama umushanana wake, akanitazama mimi. Nyuma ya kioo, mdogo wake alikuwa ameganda na miguu miwili kwenye breki.

"Wifi," nikasema, "njoo."

"Mulamu, hii nguo nimeazima."

"Njoo hivyohivyo."

Alilikusanya vazi lake, akakanyaga bampa, nikamvuta mikono, na yule mama wa vitunguu akaweka kapu chini akamsukuma kutoka nyuma bila kuomba ruhusa. Wifi alipokaa, gari zima lilihema. Magurudumu ya mbele yalikaa imara ardhini kwa mara ya kwanza tangu dukani. Nilimshika kiuno, yeye akashika vifutio vya kioo, kimoja kila mkono, yule mama akaondoa mawe, na kwa mwendo wa konokono mume wangu akaturudisha nyuma kushuka kilima, sisi wawili tukimtazama usoni kupitia kioo na yeye akitutazama kati ya kuangalia vioo vya pembeni. Ncha za nondo zilichora mifereji barabarani. Kwenye kona ya kwanza tukakutana na wageni wa sherehe wakipanda kwa miguu, wamevaa vizuri, na vikapu vya zawadi.

Walisimama kando kutupisha. Wifi aliinua kidevu.

"Bonjour," akawaambia.

Tulipofika kwenye tambarare mume wangu alizima gari, akatoka, akaenda kukaa kwenye jiwe na mgongo wake kwetu. Nilimfuata nikiwa na hotuba nzima mdomoni. Nilikuwa nimeiandaa tangu siku ya chaki, na njiani nilikuwa nimeiongezea mambo. Kisha nikaona mikono yake. Ilikuwa bado imejikunja kana kwamba imeshika usukani, na alikuwa akiitazama kama si yake.

"Nilifikiri nimekuua," akasema. "We na yaya, dada yangu. Nilikuwa naona maharage tu."

Hotuba ikaniponyoka. Nilikaa naye kwenye lile jiwe. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama nadhani rangi imekwaruzika. Nikamwambia ndiyo, sana, kwenye bonneti, na mahali palipokwaruzika pana ukubwa wa wifi. Akacheka mpaka akalia, au akalia mpaka akacheka, sikuuliza.

Nondo zilifika kwenye kazi mabegani mwa vijana wa kule, safari nyingi, na wifi alifika kwenye sherehe kwa moto, vumbi likiwa limechapishwa nyuma ya umushanana. Alituambia baadaye kwamba watu walimsifu kwa kuchekesha. Yeye hakuwa ameona cha kuchekesha. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuvuka kwenda Goma, alipita nyumbani, akasimama mlangoni.

"Ile gari muuzishe," akasema.

"Lakini yaya, misa..."

"Mungu ananijua, hata nikifika kwa moto. Muuzishe."

Mbele ya kura ile mume wangu hakubisha. Na sitasema kwamba nilifurahi kuona miezi yangu ya hoja, chaki na futi ikishindwa kufanya kile kilichofanywa na nguo moja ya kuazima, lakini pia sitasema kwamba nilihuzunika.

Kilichofuata alikifanya mwenyewe. Siku moja mchana nilimwona kupitia dirisha la jiko, peke yake uani, akipima bodi ya gari lile kwa futi yangu. Alipima mara ya kwanza, akatikisa kichwa, akapima tena kana kwamba gari lingeweza kujirekebisha. Wiki iliyofuata alimpata mfanyabiashara wa vitunguu na kabichi aliyekuwa na pikapu ya kabini moja, bodi ndefu, rangi iliyokwisha kusahau jina lake. Mke wa mtu huyo alikuwa amejifungua mapacha na hakutaka tena kusafiri juu ya kabichi. Mfanyabiashara alipoiona milango minne alishika moyo. Walibadilishana, na mume wangu alimweleza ukweli wote wa kile kilima, hata sehemu ya bonneti. Mtu wa kabichi akasema kwake ni barabara ya lami tu, mpaka shuleni na kanisani. Basi gari likapata kazi yake.

Letu jipya lilinuka vitunguu, na bado linanuka. Alilileta nyumbani akipiga honi barabara nzima, akaingia uani kinyumenyume, akashuka, akavuta geti. Geti halikufunga. Pua ilibaki nje, kwenye njia, kiasi cha mtu kukosa pa kupita na beseni. Sijapata kumwona mume wangu mwenye furaha namna ile. Alizunguka gari mara kadhaa, mikono nyuma.

"Mwenye vipimo," akaniita. "Kuya kidogo uone."

Niliona. Nilisema kwamba kwa upande wa kazi urefu ni sahihi kabisa. Alikubali, akasema kasoro iko kwa nyumba. Majirani walivumilia kwa siku chache, kisha wakaacha kuvumilia, na tukalazimika kubomoa ukuta wa uani na kuujenga upya mbele zaidi, bila mteja wa kutulipa. Ni ukuta mzuri. Aliujenga yeye, na kila mgeni anayekuja huelezwa kwa nini upo pale ulipo.

Wifi hukaa mbele, katikati yetu, Jumapili zote, goti moja kila upande wa gia. Mume wangu akitaka kuingiza gia ya pili humwomba samahani. Analalamika kutoka nyumbani mpaka Nyundo, na hajakosa safari hata moja.

Siku ya mabati ya Nyamyumba tulifunga keria juu ya paa, bila mtu yeyote kutaja rangi, tukapakia asubuhi. Mabati yakalala chini kwenye bodi, mbao juu, saruji mbele karibu na kabini, na kitambaa chekundu nyuma kwa sababu ya sheria. Tulipanda kilima kile kwa gia ya kwanza, mimi nikiangalia mbele na yeye akiangalia mbele. Pua ilibaki chini.

Mwenye nyumba alikuwa akitusubiri juu. Alilisifu gari, akauliza kama tulifikiria kununua lile la milango minne, maana yeye analiona zuri.

Mume wangu aligonga bodi kwa kiganja.

"Hapana, patron," akasema. "Kwa kazi ya kujenga, mi siku zote nilipenda bodi ya murefu. Hawa watu wa siti tano hawajui kazi."

Nikavaa glavu, nikaanza kushusha mabati.